Nyama Niliyoimwagia Chokaa

Ngoie, mama,

Umekwenda mtaa wa Kikula kusukwa, na kwa jinsi ninavyozijua nywele zako, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Mama yako yuko nyuma ya nyumba, anapiga pasi mashati yako meupe ya jikoni, na amekataza mtu yeyote kumsemesha. Basi nimepata meza, nimepata kalamu, nimepata mchana mzima. Barua hii nitaificha kati ya hayo mashati uikute kesho ukishafika. Ukiisoma ndani ya basi utacheka peke yako na watu watakuhama kiti.

Habari za shuka, sabuni, chandarua na sala sitaziandika. Mama yako amezisema mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ananiambia mimi, wewe ulikuwa umeshatoka. Mimi nitaandika habari za nyama.

Najua. Wenzako baba zao huwaachia mashamba.

Lakini tangu jana hatujaizungumza. Shangazi yako Odile alijifunga kitenge chake akaondoka bila kuaga. Wageni walikula ugali wa bukari kwa majani ya sombe na samaki wakavu, wakasifu sombe kupita kiasi ili wasiseme lingine. Wewe ukasugua sufuria moja mpaka nikaihurumia. Nataka kukisimulia kisa tangu mwanzo, hata kile ulichokiona kwa macho yako, kwa sababu kuna kipande hukukiona.

Nyama ya kukuaga tuliinunua Ijumaa, nyama nzuri ya ng'ombe, beseni zima, tukaomba nafasi kwenye frigo ya jirani. Jumamosi saa sita mchana shangazi yako akaitoa iyeyuke. Akaiweka chini ya meza ya stoo, akaifunika kwa sinia. Ndipo wakaingia akina mama wa kwaya kukuombea safari, kukawa na nyimbo, kukawa na munkoyo wa kunywa, na shangazi mwenyewe ndiye aliyeshika sauti ya pili. Nyama ikabaki chini ya meza, mchana kutwa na usiku kucha, katika joto hili la kungoja mvua ambapo hata sabuni inalainika yenyewe kwenye kisahani. Tuliikumbuka Jumapili baada ya misa, wageni wa kwanza wameshakaa.

Ukalileta beseni uani, ukaondoa sinia. Shangazi yako alisimama nyuma yako na chumvi mkononi, nami nilimsikia kutoka kwenye kiti changu: "Osha na siki, tia moto mingi na pilipili. Moto inamalizaka yote." Anakuita mama, kama mimi, kwa sababu una jina la mama yetu, lakini sijawahi kumwona akisita kumtuma huyo mama yake maji. Nawe, mwenye cheti cha upishi kutoka kwa masista, nawe unayekwenda kuwapikia wachimbaji wa kambi nzima, ukaosha. Ukatia siki. Ukaweka sufuria juu ya jiko la mbabula, ukapuliza makala mpaka moto ukashika. Hukusema neno.

Hapo ndipo nilipoinuka. Nikaja mpaka motoni, nikainama juu ya sufuria, nikavuta pumzi ndefu mbele ya watu wote kama daktari mkuu, nikasema, "Hii inatupwa."

Yaliyofuata unayajua. Shangazi yako aliuliza kama ninataka mtoto aondoke na mikosi, nyama kutupwa siku ya kumuaga. Nilishika sufuria kwa vitambaa, nikaimwaga kwenye shimo la taka, nikaenda kuchukua chokaa, nikaimwagia juu nusu gunia ili hata mbwa wa jirani asijaribu bahati yake. Akasema kwamba tangu nipate binti mwenye cheti nimekuwa mzungu. Ningemjibu, ila nilikuwa nakohoa chokaa.

Siombi radhi. Kuna mengi ninayopaswa kuyaombea radhi katika maisha haya, ikiwa ni pamoja na namna nilivyocheza kwenye komunio yako ya kwanza, lakini hilo la jana halimo. Wanangoja niende kwa Odile na jogoo mkononi. Watangoja. Jogoo anaendelea vizuri, namsikia hapa dirishani.

Sasa kisa cha zamani. Nusu yake unaijua: kwamba ulipokuwa na miaka mitano uliugua ukakaribia kutuacha, na kwamba hilo kovu dogo nyuma ya mkono wako ni la sindano ya maji. Tulikuambia ilikuwa malaria. Haikuwa malaria. Ilikuwa mimi.

Wakati ule nilikuwa bado kwenye tanuru la chokaa, kule Kakontwe, na nilikuwa nimegombana na babu yako, baba yake mama yako. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kipumbavu na niliuanzisha mimi. Kwenye harusi moja nilisema mbele ya ukoo wote kwamba mbuzi wa mzee wamekonda mpaka unaweza kuwahesabu mbavu wakiwa bado wako ng'ambo ya barabara. Watu walicheka. Mzee hakucheka. Akanyamaza miezi, kisha siku moja akanitumia kutoka Kambove mguu wa nyuma wa mbuzi, mnene, wenye mafuta, umefungwa kwenye gunia safi. Huo ndio ulikuwa msamaha wake, na ndio ulikuwa matusi yake vilevile. Na kwao, unajua, baba mkwe akikutumia mguu, lazima ndani ya siku tatu upeleke neno kwamba umekwisha mpaka mfupa. Neno lisipofika, maana yake umeukataa, na umemkataa aliyeutuma.

Dereva aliuleta mguu moja kwa moja kazini, asubuhi. Mtu mwenye akili angeomba ruhusa akaupeleka nyumbani. Baba yako alikuwa na wasiwasi mwingine: rafiki yangu Kasongo, ambaye angeweza kujua una nyama hata kama bado unaifikiria tu. Kasongo angeuona, kikosi kizima kingeuona, na mguu ungeishia kwenye makala pale pale. Kwa hiyo nikauficha. Nikautia ndani ya mfuko mtupu wa saruji, nikauweka mahali ambapo hakuna mtu anayependa kwenda, kwenye ubao nyuma ya tanuru.

Nyuma ya tanuru, Ngoie. Ukuta ambao tulikuwa tunaukaushia nguo zetu siku za mvua. Katika mji mzima wa Likasi nilichagua mahali pa joto kuliko pote nikapafanya frigo.

Mchana jiwe lilikwama ndani ya tanuru, tukakazana nalo, lori la kuturudisha likapiga honi, nikaruka juu yake kama wengine. Nyama niliikumbuka nimeshafika nyumbani, nimeshavua viatu, mama yako aliponiuliza kama papa yake hakutuma kitu. Nikasema mguu umefika, uko salama. Umefika ilikuwa kweli.

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya kupumzika. Nikapanda baiskeli mapema, nikaufuata. Nikafungua mfuko, nikanusa. Hakuna kitu. Nikanusa karibu na mfupa, kama alivyonifundisha mama yangu. Hakuna kitu. Nikafurahi sana. Nikajiambia ni chokaa, kwa sababu sisi watu wa tanuru tuliamini kwamba chokaa hukausha kila uovu. Chooni tunamwaga, kwenye mizoga tunamwaga, kwa nini isilinde mguu mmoja wa mbuzi?

Na hapa kuna siri ambayo katika nyumba hii ni mama yako tu anayeijua. Pua yangu ilikuwa imekufa. Si siku ile. Ilikuwa imekufa kidogo kidogo kwa miaka, vumbi la chokaa liliichoma ndani nami nikaendelea kujifanya ninayo. Mama yako akipika nilikuwa naangalia mvuke ukipanda, ndipo nasema, aa, harufu tamu. Ulipokuwa mchanga ukinichafulia magoti, wageni walikuwa wanahamisha viti nami nimekaa natabasamu, wakanisifu kuwa baba mwenye upendo. Niliona aibu kusema. Mwanaume anaweza kukubali kwamba goti linamuuma. Kwamba hawezi kujua kama mtoto wake amejisaidia, hilo ni gumu.

Nikarudi na mguu. Mama yako alifungua mfuko mara moja tu, akaufunga. "Baba ya Ngoie," akasema, "hauna na pua tena?"

Aliuliza kwa upole. Alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Ningesema, ndiyo, sina, na tungecheka, na mguu ungezikwa, na mzee tungemtafutia uongo wa heshima. Badala yake nikakaa kwenye kiti kama chifu nikasema kwamba nyama ya baba mkwe haitupwi, kwamba nimeinusa mwenyewe, kwamba yeye apike.

"Nitaipika sababu weye unasema," akaniambia. "Lakini minye sitakula."

Akaipika sana, nakubali. Siki, chumvi, vitunguu, pilipili, moto tangu asubuhi mpaka saa saba mchana. Ikatoka laini, nyekundu, yenye kung'aa. Yeye akakaa kando na mikono mapajani. Mimi nikala. Wewe ulikuwa kati ya miguu yangu, kama kawaida yako. Nikakupa pande bora, lile la karibu na mfupa, nami nikabaki na la pili. Ukalisogeza kando. Ukakunja pua. Nami nikakuangalia kwa jicho, nikasema, "Kula, mama. Ni nyama ya babu yako."

Ukala, kwa sababu nilikuangalia.

Nimesimulia mambo mengi ya kijinga niliyoyafanya, na kila nikiyasimulia yanakuwa matamu zaidi. Hili halijakubali kuwa tamu.

Jua halijashuka, ulianza kutapika. Kisha nikaanza mimi. Nilikubeba mgongoni kwenye baiskeli, wewe unatapika upande wa kushoto, mimi wa kulia, mpaka zahanati. Muuguzi wa pale alikuwa msichana mdogo, nadhani umri wako wa sasa. Nilipomwambia kwamba haiwezekani kuwa nyama, maana ilichemka asubuhi nzima na zaidi, alinijibu huku anatafuta mshipa wako: "Papa, moto inaua vijidudu, ni kweli. Lakini sumu yenye viliacha mu nyama, moto haiwezi kuitoa."

Hakunifokea. Alisema tu, akaendelea na mshipa. Nimewasahau wahubiri wengi, yeye sijamsahau.

Ulilala pale siku tatu. Macho yako yaliingia ndani, ngozi yako ukiibana ilibaki imesimama. Mama yako hakunilaumu hata mara moja, na nilimngojea anilaumu kama mtu anavyongojea mvua. Siku ya tatu, ulipoomba munkoyo na tukajua utabaki, alisema maneno mawili tu, na hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa ameshika mguu wako anautazama. "Nilijua. Nikapika."

Kwa miaka kumi na tano nimefikiri kwamba kosa la siku ile lilikuwa langu lote, na ninalitaka lote, sigawi. Lakini jana nilipokuona unapuliza makala chini ya ile sufuria, nilielewa kile alichokuwa anakisema mama yako. Ndiyo maana ninaandika.

Watu wengine wa kisa hiki, usiwaonee huruma. Kasongo aliposikia alikuja zahanati, akanishika bega, akanishukuru kwa uchoyo wangu: ningewagawia, wangezikwa kikosi kizima. Na kwa babu yako nilikwenda mwenyewe, Kambove, nikamweleza mguu ulivyolala na ulivyotufanya, nikangoja anifukuze. "Kumbe," akasema, "mbuzi wangu mwenye kukonda amekuangusha?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Huyo ndiye mzee ambaye nilikuwa nimeogopa kumuudhi kuliko nilivyoogopa kukuua. Alikuwa anaweza kucheka. Sikuwa nimempa nafasi.

Basi mimi, mama, nimekuwa mkaidi tangu hapo, na ninakusudia kuzeeka hivyo. Wakiniambia nyama haitupwi, nauliza: ililala wapi? Wakiniambia hainuki, nauliza: ililala wapi, na tangu saa ngapi? Kwa sababu nyama mbovu nyingine inapiga kelele, na nyingine inanyamaza kimya kabisa, inakutazama na rangi yake nzuri. Wakiniambia tumbo la Mkatanga ni la chuma, nawaambia nimelibeba tumbo moja la Mkatanga kwenye baiskeli, na lilikuwa la mtoto tu.

Na wakiniambia, kama alivyosema Odile jana, kwamba kuchagua ni kwa watu wenye frigo zao, hapo ndipo damu yangu inapochemka kweli. Mwenye frigo anaweza kuzembea. Frigo inafikiri kwa niaba yake. Sisi ambao umeme unaondoka bila kuaga na kurudi bila kubisha hodi, sisi ndio tunaopaswa kuuliza. Najua uchungu wa kumwaga nyama. Mama yako alisimama dirishani jana akaniangalia ninavyoimwaga, na najua alikuwa anafikiri mangapi yangetoka katika beseni lile. Inauma. Acha iume. Kukosa si sababu ya kugeuza tumbo la mtu kuwa shimo la taka, na chokaa huwezi kuimwaga ndani ya mtu.

Kule uendako kuna jenereta, wanasema. Jenereta itazimika. Siku moja utakuta nyama imekaa mahali ambapo mtu aliisahau, na yule aliyeisahau atakuwa mkubwa wako, na atakuwa mtu mzuri tu, mwenye hofu ya mkubwa wake mwingine. Atakuambia tia moto mingi. Atasema, tangu lini nyama ikatupwa? Nje watakuwa wamepanga foleni watu wenye njaa wenye kofia ngumu, kila mmoja ana mtoto wa miaka mitano mahali fulani. Nao watakula chochote utakachowapa, kwa sababu wewe ndiye uliyevaa shati jeupe.

Wakikufukuza kwa sababu ya beseni lililomwagwa, rudi. Kitanda chako sitamwazima mtu. Nitakuja kukupokea kituoni na nitatembea mbele yako nikiwa nimebeba sanduku lako kichwani, kupita barabara ya kwa Odile, taratibu, kama watu waliotoka kushinda kesi.

Sasa kile kipande ambacho hukukiona.

Jana nilipoinama juu ya sufuria nikavuta ile pumzi ndefu, sikusikia harufu yoyote. Nyama ile kwangu ilinuka sawasawa na kalamu hii. Mimi nilikuwa nimeshakuona wewe. Nilikuwa kwenye kiti, nawe uliondoa sinia, na kabla hujageuka kuchukua maji ulikunja pua, kidogo sana, upande mmoja, kama ulivyoikunja ukiwa kati ya miguu yangu. Kisha ukamtazama shangazi yako. Kisha ukatazama chini. Safari hii nilikuwa nimejifunza kusoma.

Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba baba yako ndiye aliyejua. Katika uwanja ule wenye pua zaidi ya kumi, aliyejua na akakiri moyoni ni wewe. Mimi nilisema tu kile ambacho uso wako ulikuwa umeshakisema.

Nasikia sauti yako barabarani, unabishana na mtu wa mkokoteni. Kwake una sauti kubwa kabisa. Niache hapa nikaifiche barua.

Kule sitakuwepo kuutazama uso wako, mama. Itabidi useme kwa mdomo.

Baba yako, aliyekula pande la pili